Ushahidi wa Tope

Hamsini na mbili kwa saba.
Hata redio ya Lavonne iliona haya kuitaja,
ikakoroma, ikahamia bei ya ngano.
Tulikuwa tisa mkahawani, makoti bado mabegani,
theluji ya Novemba ikiyeyukia viatuni,
na nje malori ya viazisukari yakipita kwenda kiwandani
kana kwamba hakuna aliyefiwa.

Akaanza Orrin Kjelstad, kama kawaida, na kijiko:
"Miaka miwili. Mechi ishirini na mbili. Ushindi mara tatu.
Huyu Brandvold hajengi kitu, anapanga vifusi."
Kila namba akaigongea meza
mpaka kahawa ya jirani ikamwagika.

Dale Paulsrud, aliyecheza hapa enzi zile
tulipobeba kikombe, na jina la mji wetu
likachapwa gazetini bila kukosewa,
akasema nyumba iliyoliwa na mchwa haiponi kwa rangi.
"Alikuta vijana sitini. Thelathini wakamkimbia wiki ya kwanza,
wakafuata hela za vyuo vikubwa.
Ulitaka acheze na nani? Na mkewe?"

"Mkewe angeudaka," akajibu Orrin,
tukacheka kile kicheko cha matangani.

Ndipo ikaja hoja ya mabafu.
Haipiti Jumamosi bila hoja ya mabafu.
Mwaka ule wa kwanza wafadhili walipochanga,
sisi tukisubiri mrusha mpira kutoka Teksasi,
mwenye mkono kama manati,
kocha akanunua mabomba.
Mabomba! Vigae! Hita ya maji!
"Basi tunafungwa, lakini tunanukia,"
akasema mchungaji mstaafu Eide,
ambaye hajapata kumsema mtu vibaya.

Kila mmoja alijua dawa.
Mwenye shamba alisema udongo uliochoka hupumzishwa.
Mwenye benki alisema deni ni deni.
Lavonne, akifuta kaunta pale pale alipokwisha kufuta,
alitaka tu mtu mmoja, hata mmoja,
anayejua kupiga teke.

Mimi sikuulizwa. Nani humuuliza mfuaji?
Miaka kumi na tisa nafua jezi za chuo hiki,
mashine nne, moja haikamui.
Nimefua za ubingwa. Nimefua za aibu.
Zamani jezi za akiba zilinirudia safi,
mikunjo ile ile niliyoikunja mimi,
maana aliyezoea benchi
hakuona sababu ya kuanguka chini siku ya Jumanne.
Nilizifua kwa heshima tu.

Msimu huu hakuna iliyo safi.
Themanini na nane, yule mwembamba, Quade,
ambaye babake ana mnada wa ng'ombe,
hajakanyaga uwanjani mechi hata moja.
Jezi yake ya mazoezi huja na tope mpaka makwapani,
majani yamesagikia ndani ya mshono.
Niliiloweka usiku kucha.
Asubuhi maji yalikuwa chai ya maziwa.

Sijui kama huo ni ushindi. Ubao hauhesabu tope.
Na huenda Orrin amesema kweli. Huenda mwakani
watamfungashia virago kabla mahindi hayajavunwa,
aje mwingine na filimbi nyingine
aoge maji ya moto asijue amshukuru nani.

Nikafungua mdomo nilisema.
Orrin alikuwa ameshapata kijiko cha pili.

Nikavaa glavu zangu, nikaacha dola tatu chini ya kisahani.
Msimu umebakiza wiki mbili,
mafurushi sita, labda saba, kisha mashine zizimwe mpaka kiangazi.
Njiani nikaingia dukani kwa sabuni.
Kulikuwa na boksi dogo la wiki mbili.
Nikabeba lile kubwa,
nikalipakata kifuani barafu isiniteleze.