Mizani ya Sonara

Miaka ishirini na mitatu napika kaimati Kibokoni.
Shira naijua kwa pua:
ikiwa changa, ikiwa tayari,
na ile dakika inayopita, ikaanza kuungua.
Asubuhi hiyo jiko langu lilikuwa baridi.
Harufu ilitoka kwenye kamba ya nepi za Zuwena.

Sikusema. Nani amwambie mzazi wa siku sita
kwamba mkojo wa mwanawe wanukia sukari?
Tena Zuwena, aliyekwisha kuzika mmoja,
Yakubu, siku tisa, arubaini hakuiona.
Wengine walisema jicho. Wengine walisema
mtu na binamuye, damu imejirudia.
Mimi nilinyamaza, nikakoroga.

Aliyeuliza ni Mbeyu, mhudumu wa afya wa mtaa,
fulana imepauka, daftari ndani ya mfuko wa unga.
Aliinama chini ya kamba
kama atafutaye kibanio kilichoanguka.
"Mama Kaimati, nawe waisikia?"
Naisikia.
Neno hilo moja nilikuwa nalo mdomoni tangu juzi.

Hospitali walitoboa kisigino: matone manne
kwenye karatasi, yakakaushwa kwa feni,
yakasafiri mbali kuliko sisi sote.
Jina la ugonjwa lilirudi refu,
daktari akalikata pingili pingili kama muwa.
Akasema ni adimu.
Neno hilo mimi nalijua kwa mafuta ya kupikia:
kitu kikiadimika, watu hupanga foleni.
Huu hauna foleni. Huu una Twahira.

Katika maandishi ya mwili, alisema,
herufi moja imekosewa.
Baba anayo, mama anayo, wala haiwadhuru;
kwa mtoto zimekutana.
Hakuna aliyefanya kosa.
Zuwena akamwambia, sema tena.

Mbaazi, samaki, maziwa, maharagwe,
kila kinachotunenepesha sisi
kwake ni sumu kikizidi chembe.
Tukaweka chembe kwenye mizani ya duka;
mshale haukuwa na maoni.
Ndipo Vrajlal sonara akavuka barabara
na kamizani kake ka kupimia vipuli,
kamefungwa kwenye leso nyekundu.
"Dhahabu siku hizi hainunuliwi," alisema.
Jioni nilimwona akikisia pete kwa kiganja.

Maziwa yake maalumu, yakishakorogwa,
hulala kwa Bi Nuru, kwenye friji isiyozimika,
kwa kuwa mwanawe ni fundi wa stima
na hayo mengine hatuulizi.
Chuoni watoto wamefunzwa: Twahira hapewi chakula.
Basi humpa vifuniko vya soda, manyoya ya kunguru,
zamu ya kwanza ya kuruka kamba.

Mwezi wa sita homa iliingia.
Mbeyu alibisha milango saa nane za usiku.
Maji na sukari, kijiko, maji na sukari, kijiko,
mpaka dripu ikapata mshipa.
Mimi niliyeuza utamu umri wangu wote
sikujua kama sukari yaweza kumshika mtu mkono.

Wa Likoni hawakuwahi.
Mbeyu akifungua daftari
huufunika ukurasa huo kwa kiganja, kisha aendelea.

Nimejaribu kaimati za unga wa muhogo.
Za kwanza zilipasukia mafutani.
Za pili ungeweza kujengea.
Jirani wamekula makosa yangu wiki tatu, bila kulalamika,
isipokuwa Bi Nuru.

Leo Twahira, miaka minne, amekaa kwenye kigoda,
mizani mbele yake.
Ameweka moja, mwenyewe, kwa vidole viwili.
Nauliza, ngapi?
Aninyamazisha kwa mkono.
"Bado yacheza."

Twangoja itulie.