Baki

Kajaani, mwezi wa pili. Theluji imefika nusu ya dirisha,
na katika chumba cha kufulia mashine moja inahesabu.

Aune Hyvärinen hutandaza soksi za sufu juu yake zikauke.
Miaka thelathini alitunza daftari za kiwanda cha karatasi;
sasa anatunza namba moja, ambayo hata jina haina.

Kanuni ni fupi, aliinakili nyuma ya risiti ya samaki:
anza na nne. Izidishe kwa yenyewe. Toa mbili.
Igawe kwa ile namba kubwa; mgao utupe, ushike baki.
Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa mbili, gawa tena,
mara milioni kadhaa, bila kukosea hata tarakimu.

Ikiandikwa kwa mbilimbili, namba yenyewe ni moja, moja, moja,
safu ya moja kama misonobari ya kampuni,
hakuna sifuri hata ya kupumzishia jicho.
Ukiichapa kwa kumikumi, Aune alisema,
ingejaza kabati la jikoni hadi juu,
na kama bahati ipo
usingepata ndani yake mahali pa kutia kisu.

Jumapili alikuja Ilpo, mtoto wa shemeji, bili ya umeme mdomoni:
Aune, yote haya ya nini? Namba isiyogawanyika utaila?
Aune alimmiminia kahawa, akamkatia mkate mweusi.
Ilpo huyo huyo, siku ya mazishi ya Taisto, alipima uwanja kwa hatua,
akiigawa nyumba kichwani, robo, robo, nusu,
kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kuirithi.
Lugha yangu, nakiri, ingemuunga mkono.
Namba ya namna hii sisi huiita tasa,
neno ambalo mawifi hulisemea mlangoni, kwa sauti ya kusikika.
Kifini huiita namba ya mwanzo.
Nimekaa na maneno hayo mawili kama viatu visivyo jozi.

Maana thelathini imezaliwa na mbili, na tatu, na tano;
kila namba ina ukoo, na ukiufuata ukoo hadi shinani
unamkuta tasa amekaa,
hana aliyemzaa ila moja na yeye mwenyewe.
Nani basi aliyezaa?
Usiku wa arobaini na tatu umeme uliyumba, taa zikafifia,
Aune akateremka na tochi, gauni la kulalia ndani ya buti,
akaikuta mashine ingali vuguvugu, imenyamaza.
Kwenye skrini, mwisho wa mamilioni ya mabaki,
lilibaki moja tu: sifuri.
Hakupiga kelele. Alizigusa soksi; zilikuwa zimekauka.
Akazivaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
asigawane habari ile na mtu hadi asubuhi.