Mita Mia Tatu na Sita

Mali bila daftari hupotea bila habari,
kwa hiyo ninalo daftari.
Jalada la kijani, kona zimelika kwa kidole gumba,
na ndani, kila kitambaa kilichovuka kizingiti changu
hapa Gimli, tangu mwaka tuliojenga:
tarehe, upana, bei,
na safu ya nne, ambayo Grímur anadhani ni ya matumizi,
kumbe ni ya uongo niliomwambia.
*Nimepewa. Kilikuwa nusu bei.
Hiki? Mbona kipo siku nyingi.*

Haba na haba hujaza kibaba,
kisha kabati,
kisha chumba cha mwanangu alipohamia Calgary,
kisha uvungu wa kitanda cha wageni,
kitanda chenyewe kikainuka
hata shangazi yake Grímur akiketi
miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani.

Sheria ni chache.
Fua kwanza. Nyekundu hasa.
Nyekundu ni mnafiki: dukani imetulia,
itie majini uone inavyomwaga siri
juu ya majirani zake weupe.
Usipange kwa rangi, panga kwa mwanga.
Fumba jicho nusu, tazama rafu:
kinachozama kimezama, kinachong'aa ndicho kitakachosema.
Oksana Hrynchuk hupanga kwa rangi.
Kabati lake, upinde wa mvua.
Mifarishi yake, uji.
Mabaki ya upana wa vidole viwili, chupa ya achari.
Membamba zaidi ya hapo, waachie ndege,
Mei wanajenga.

Dada yangu Dísa hakuwa na daftari.
Alifariki Februari, ardhi ikiwa chuma,
tukamsubirisha mpaka udongo ulegee.
Vitambaa havikusubiri.
Masanduku arobaini na moja, ukumbi wa kanisa,
mizani ile ile ya viazi:
dola nne kwa kilo.
Melimeli ya mama yetu ikapimwa pamoja na mapazia.
Nikaona mikono ya watu ikichambua, ikikunja midomo
(mikono hukunja midomo, nimeona),
nami nikapanga foleni kama wengine
nikanunua kilo kumi na moja za dada yangu.

Chini kabisa, buluu.
Buluu ya kaniki, vitone vyeupe, theluji ya kwanza kabla haijashika.
Niliitambua. Nilimpa mimi, mwaka themanini na nne,
na ilikuwa na pini, na pini ilikuwa na karatasi,
na karatasi ilikuwa na mwandiko wake wa kulala upande:
*kwa kitu kizuri.*
Nilipoikunjua, kila mkunjo ulikuwa umepauka,
mstari na mstari, msalaba wa dirisha.
Jua lilikuwa likiingia sandukuni
miaka yote hiyo, polepole, bila kuulizwa bei.

Sikulia. Nilitia kisu kipya.
Niliikata usiku ule ule,
na ile sehemu iliyopauka nikaiweka katikati, makusudi,
pale wengine wanapoweka nyota.

Asubuhi nikapiga hesabu, nilichokwepa miaka yote.
Rafuni: mita mia tatu na sita.
Mfarishi mmoja hula tisa.
Kwa mwaka, nikiwa na macho, miwili.
Nina sabini na mmoja.
Nikamsomea Grímur: thelathini na minne, miaka kumi na saba,
nitamaliza nikiwa na themanini na minane.
Akanitazama juu ya miwani.
"Na usipomaliza?"
Kisha, kwa sababu ni mtu mwema na amechoka kudanganywa:
"Na ukiongeza?"

Jumanne nimeendesha hadi Winnipeg,
barabara kioo, malori yametumbukia mitaroni.
Jora lilikuwa mwisho mwisho.
Mita sita: miezi minne.
Nimeandika tarehe, upana, bei kamili.
Safu ya nne nimeiacha wazi.

Ni nyekundu.
Imo ndani ya beseni sasa hivi.
Maji yameanza.