Maganda ya Darasa la Tano

Mwaka ule kiwanda cha nguo cha Panevėžys
kilifungwa mwezi wa kumi na moja.
Mama akarudi na mkasi wake mwenyewe
na bahasha ambayo hakuifungua mbele yetu.
Theluji ilikuwa haijaanguka. Matope tu,
na matope hayapambi mji.

Usiku alimwaga sarafu juu ya meza,
akazihesabu kwa kidole, akarudia,
kana kwamba zingeona haya zikaongezeka.
Kisha akaandika, nyuma ya bili ya umeme,
majina ya wa kupewa kitu Krismasi:
Bibi Petronėlė wa ghorofa ya tatu, aliyetuuguza surua;
Algimantas wa barua, mwenye mguu mmoja mzito;
mjomba Kastytis, aliyeko Norwe akitumbua samaki;
mwalimu; na wenzangu ishirini na wawili.
"Hatuwezi," nikasema.
"Hatuwezi kununua," akasema mama. "Hilo ni neno jingine."

Basi nikatumwa.
Ijumaa shuleni kila mtoto alipewa chungwa,
nami nikapita kati ya madawati na mfuko
nikiomba maganda.
"Ya nini?" Rokas akauliza, mdomo umejaa.
"Ya sungura."
Hatukuwa na sungura.
Alilirusha lake kutoka mbali, kama mtu anayelenga pipa,
likanigonga kifuani, darasa likacheka,
nikainama nikaliokota, kwa sababu lilikuwa kubwa.

Siku tatu maganda yalilala majini,
maji yakibadilishwa asubuhi na jioni
mpaka uchungu ukachoka.
Kisha sukari, moto mdogo, mwiko.
Madirisha yakatoka jasho. Ndugu yangu Vytenis
akaandika jina lake kwenye mvuke, akaliramba.
Na ganda, lililokuwa jeupe kwa ndani,
likaanza kupitisha mwanga kama ukucha,
kama kitu kilichokubali jambo.

Huku mabua ya ngano kutoka shambani kwa babu
yalikuwa yamelowekwa yalainike.
Mama aliyakata kwa ule mkasi wa kiwandani,
akapitisha uzi mwekundu ndani ya bua moja, la pili, la tano,
pembetatu ikabeba pembetatu,
hadi kikaning'inia darini kitu kisicho na uzito,
nyumba iliyojengwa kwa hewa,
inayozunguka mtu akipumua tu.
"Msiseme uongo chini yake," Bibi Petronėlė alitutania.
"Inasikia."

Vibiskuti vya mbegu za popi, vidogo kama vifungo vya koti,
na yale maganda yenye sukari,
tukavifunga katika karatasi za kukatia nguo,
zenye mistari ya nukta na maneno:
KIUNO. MKONO WA KUSHOTO. KATA HAPA.
Hatukuwa na karatasi nyingine.

Chupa ya Petronėlė ilirudi kesho yake, imeoshwa,
ndani mna uyoga mkavu,
maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.
Kastytis alipiga simu kutoka Norwe;
kwa muda mrefu tulimsikia akitafuna, basi.

Na Rokas. Rokas alimaliza vyake kabla ya kengele,
akairamba karatasi pale palipoandikwa KATA HAPA,
akanijia ukumbini na vidole vinavyonata:
"Mmenunua wapi?"
Lilikuwa ganda lake. Ningeapa.
Lilikuwa nene kuliko yote.
"Vilnius," nikasema. "Ghali sana."

Jioni mama, amenipa mgongo, akisugua sufuria:
"Walipenda? Uliwaambia tulivyotengeneza?"
Nikavuta pumzi nijibu,
na juu ya kichwa changu
mabua yakaanza kuzunguka.