Rabat, kwa Uzi Mweupe

Karmni Zerafa hushona rabat mjini Rabat,
na utani huo umemchosha.
Malta ni kisiwa kidogo, utani hauna pa kwenda:
humrudia kila Jumatatu, pamoja na mleta mkate.

Rabat ya kwanza ni kile kitambaa cheusi
kifuani mwa padri, chini ya kola,
kisicho na mgongo wala mikono.
Nusu shati, asema Karmni,
kwa watu wanaotazamwa mbele tu.

Rabat ya pili ni anwani: nje ya ukuta wa Mdina,
Waarabu walipaita hivyo, kitongoji,
mahali pa walioachwa upande huu wa lango.
Bili ya maji huja hapo. Mamake alifia hapo.

Ipo na ya Moroko, yenye mfalme.
Barua zake mbili zilipotelea huko
zikarudi baada ya miezi saba, zimegongwa mihuri
mizuri kuliko yote aliyowahi kuiona.

Mwaka juzi aliingia padri wa Kipolandi, Bogumil,
mrefu hata akainama mlangoni.
Akajaribu, akajitazama kiooni, akauliza kwa haya:
"Rabat?"
"Ndiyo, rabat."
"Rabat ya rabat?"
Karmni akadhani mgeni ana kigugumizi.
Kumbe kwao neno hilo ni punguzo la bei.
Akampunguzia euro nne, malipo ya kicheko.

Naye Sista Solange akamwambia: kwetu Ufaransa
rabat ni ulimi wa bahasha, ule unaolambwa,
ni chochote kinachoangushwa kufunika kitu.
Hilo Karmni hakulicheka. Alilikunja, akaliweka.

Jana wamemletea nguo za Dun Wistin
azitengeneze kwa mazishi.
Miaka thelathini na mmoja alimshonea,
hakuomba kupunguziwa hata senti.
Akaichukua rabat yake kuukuu, akaigeuza ndani nje:
viraka vitano, uzi mweupe juu ya weusi,
mishono mipana, ya kwenda kombo,
kazi ya mzee peke yake chini ya taa
asiyetaka kumsumbua fundi,
au asiyekuwa na kitu.

Rafuni kuna robota zima la kitambaa kipya.
Mkasi upo.
Karmni ameketi, neno limemlalia mapajani.

Kisha akapiga pasi upande wa mbele,
taratibu, akauangusha mahali pake,
akafunga vishikizo vitatu.
Hakufumua kitu.