Nilimsikia Mara Tatu

Wakili wa kampuni alikuwa na kalamu mbili
na sauti ya mtu asiyekosa kifungua kinywa.
"Bi Ostrander, ulimwona huyo ndege?"
Nilimsikia.
"Sikuuliza habari za masikio."

Ningemwelezaje, nimekalia kiti kinachozunguka,
ile saa kumi na moja alfajiri bonde la Tolliver,
mgongo kwenye gogo lililolowa,
chai ya chupa imeshapoa,
ukungu wa Oregon umenishukia hadi kwenye kope,
na kule juu, chini kidogo ya vilele,
kitu cha ukubwa wa ngumi kinapita kikiita
kiir,
kimetoka baharini, maili thelathini,
kuja kumpokea mwenzake zamu ya kuatamia.

Hajengi kiota. Hutaga yai moja
juu ya tawi pana lililovaa kuvumwani,
na tawi la upana huo
huchukua miaka mia mbili kujiandaa.
Hilo nililisema. Karani akaliandika.
Wakili akatazama saa.

Miti imeshapakwa rangi ya buluu kifuani,
mia na kumi na nne, na kumi na tano, na kumi na sita.
Msitu wa umma, maana yake wangu,
maana yake pia wa Garrett, mtoto wa kaka yangu,
mwenye mkopo wa lori na kichanga cha miezi mitano,
aliyeketi safu ya nyuma, upande wao,
kofia magotini,
asinitazame.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Mjini kwetu msumeno si methali.
Ulimla baba vidole viwili
na ndio uliotulipia ada.

Hakimu Pruett alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho.
"Mara ngapi?"
Mara tatu, mheshimiwa.
"Chini ya vilele?"
Chini.
Neno moja, na kesi nzima imelining'inia
kama yai lile kwenye tawi lake.

Zuio la muda, akasema. Siku kumi na nne.

Nje watu walinikumbatia. Mama mmoja wa Portland alilia.
Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole, vyote kumi ninavyo:
yai hutaka siku thelathini lianguliwe,
kinda lingine kama hizo kabla halijarukia
bahari ambalo halijawahi kuiona.
Kumi na nne.
Nikahesabu tena, kana kwamba vidole vingebadili mawazo.

Kwenye maegesho Garrett alikuwa anapasha lori moto.
Akateremsha kioo.
"Shangazi, analiaje?"
Nikaita, vibaya, katikati ya magari, mvua ikinyesha:
kiir.

Hakucheka.
Aliitazama ile mvua kwa muda.
"Huyo nimemsikia sana," akasema.
"Siku zote nilidhani ni breki."