Daftari la Ngurumo

Saa tisa usiku, juu ya jiwe la Igogo.
Umeme. Nyanjige anahesabu kwa kunong'ona
hadi kumi na nane, ndipo ngurumo inajibu.
"Kilomita sita." Lushinge anaandika
kwenye daftari la mauzo la mama yake,
chini ya deni la mtu wa Kirumba.

Wiki nzima tumelinyatia wingu hili:
upepo uliogeuka, usubi uliopanda ziwani kama moshi,
picha za setilaiti kwenye simu yenye ufa.
Mtaani wanatuita waganga wasio na pembe.
Kopo la maziwa, rula ya shule ndani yake,
limekaa kama mgeni aliyekwisha nawa.

Kumi na tano. Tisa.
"Njoo," nasema, kwa sauti, kama namwita mtu.

Sita! Tushuke, hapa si pa kusimama!
Lakini Lushinge hasogei. Ameacha sekunde,
anahesabu karabai za wavua dagaa,
moja kati ya zile ni ya kaka yake,
na kila umeme ukimulika
anaanza upya.

Asubuhi: milimita arobaini na moja.
Safu ya maelezo tumeiacha tupu.